Doa kwenye Pangaboi

Mambo ya kunikasirisha hayajawahi kupungua maishani mwangu, lakini la Duane Schaffert lilinikuta Jumanne asubuhi nikiwa bado na soksi za kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Nilifungua barua pepe. Ile orodha ya nyota mpya, ambayo nimeisoma kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili kama wenzangu wanavyosoma matangazo ya vifo, ilikuwa na mstari mpya. Nyota imelipuka ndani ya galaksi, imeonekana tarehe kumi na tisa Februari, mgunduzi bwana mmoja wa Arizona. Nikasoma namba ya galaksi. Nikaisoma tena. Nikaweka kikombe mezani kwa sababu kahawa ilikuwa inanimwagikia miguuni.

Lilikuwa Pangaboi.

Pangaboi ni jina letu sisi wa klabu. Kwenye vitabu lina namba tu. Liko chini ya mkia wa kundinyota la Simba, mbali miaka ya nuru milioni sitini, na ni dogo kiasi kwamba wengi hawahangaiki nalo. Lakini ukilivumilia kwa saa nyingi, linakuonyesha mikono yake mitatu iliyojikunja, kama pangaboi la kuvutia maji kwenye shamba lolote la ng'ombe huku kwetu Nebraska. Mimi nililivumilia. Usiku nne mfululizo, kuanzia tarehe kumi na tatu hadi kumi na sita Februari, nilikuwa kilimani kwenye banda la klabu, paa limefunguliwa, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, nikilipiga picha za dakika tano tano. Zilitimia mia na themanini. Bwana wa Arizona alikuwa wapi usiku hizo? Kitandani, nadhani, na shuka jepesi.

Utaratibu wetu ni huu. Mimi napiga, Duane anasafisha. Yeye alikuwa mpiga picha wa mashuleni kwa miaka thelathini. Hakuna kijana wa kaunti hii aliyehitimu bila Duane kumfuta chunusi. Ana kompyuta yenye nguvu, ana subira, na banda lile la kilimani alilijenga kwa mikono yake, msumari kwa msumari. Anachukua picha zangu zote, anazipanga moja juu ya nyingine kama shuka kabatini, mpaka kigiza kinageuka kuwa kitu cha kutazamika. Kila usiku najaza karatasi ya zamu: hali ya hewa, kilichoharibika, cha kurekebisha. Najaza kwa penseli, maana wino huganda. Karatasi na kadi ya kamera naviweka kwenye bahasha kwa ajili ya Duane. Nakala ya kaboni inabaki bandani. Sheria ya kaboni niliitunga mimi, na watu walinicheka.

Kamera yangu nayo ina kasoro moja. Kuna pikseli mbovu, karibu na katikati, inayong'aa hata ukiifunika lenzi. Nimempa jina Kiroboto. Wakati wa joto anawaka kama taa ya polisi, baridi ikikaza analala. Duane amemuua mara elfu.

Basi Jumanne ile nikaifungua picha ya Pangaboi ambayo Duane alikuwa ameitoa tarehe kumi na nane, ile iliyotundikwa maktaba ya mji na kusifiwa na kila mtu. Mkono wa chini ulikuwa safi. Safi kama sura ya bibi harusi. Picha ghafi sikuwa nazo, zote ziko kwake. Lakini kwenye kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imebaki moja ya majaribio, ya usiku wa kwanza. Nikaiongeza mwanga. Karibu na ncha ya mkono wa chini, pale pale walipoandika Arizona, kulikuwa na nukta.

Nyota ilikuwepo. Siku sita kabla ya Arizona, nyota yangu ilikuwepo, na mtu ameifuta.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka. Jina langu. Mstari mmoja kwenye orodha ile: Arlys Vondra, Nebraska. Sikuzaa. Shamba la baba lilikwenda kwa kaka yangu. Miaka thelathini na moja nimesambaza barua za watu wengine kwenye masanduku ya watu wengine, theluji na vumbi. Nilitaka kitu kimoja chenye jina langu ambacho mtu hawezi kukipeleka kwingine. Siku ile nilitembea ndani ya nyumba kutoka jikoni hadi mlangoni, na kurudi, nikiongea peke yangu kama kichaa.

Ijumaa ilikuwa chakula cha klabu, chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Watu kumi na wanne, sufuria kubwa ya chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na trei ya mikate ya mdalasini, maana chili bila mkate wa mdalasini ni adhabu. Nilishuka ngazi na koti langu mwilini.

"Bi Arlys, wahi mkate kabla Mzee Duane hajaumaliza," akaniita Jolene Pracheil. Huyo ndiye mwenyekiti wetu, daktari wa mifugo, mwanamke wa miaka arobaini anayemshika fahali masikio bila wasiwasi.

"Sijaja kula."

Nikaenda moja kwa moja kwa Duane. Alikuwa ameuma mkate wake mara moja tu. Nikamwekea karatasi mbili mbele ya bakuli.

"Hii ni nini?"

"Pangaboi," akasema.

"Na hii?"

"Pangaboi pia."

"Una macho wewe mzee, au umeyaacha kwenye slipasi? Hapa pana nyota. Hapa hamna. Imekwenda wapi? Imepanda basi?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia. Duane alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaziangalia zile karatasi muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Nimeifuta," akasema.

"Sema kwa sauti, wa kule mwisho nao wasikie."

"Nimeifuta mimi, Arlys."

"Kwa nini?"

Alinitazama. Akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu. "Nilidhani si kitu," akasema.

Hapo nikampa vidonge vyake. "Alidhani! Jamani, mmesikia? Miaka ishirini na miwili nagandisha vidole kule juu, yeye anakaa jikoni kwake anadhani! Hii si sura ya mtoto wa shule, Duane. Hii si chunusi ya kufutwa ili mama mtu afurahi. Nyota imekufa miaka milioni sitini iliyopita, mwanga wake ukasafiri huo muda wote, ukaja ukaingia kwenye kamera *yangu*, halafu wewe na kijiburashi chako!"

"Bi Arlys, taratibu," Jolene akasema. "Hasira hasara."

"Hasara nimeshapata, Jolene. Sasa niachie hasira." Nikanyoosha kiganja kwa Duane. "Ufunguo wa banda. Leta."

"Hilo lazima lipigiwe kura," akasema Jolene.

Duane hakungoja kura. Alitoa pete yake ya funguo na kuanza kuuchomoa. Pete ilikuwa ngumu, na kucha zake ni za mtu wa miaka sabini na moja. Ilimchukua muda, watu kumi na watatu wanamtazama na hakuna aliyemsaidia. Akauweka ufunguo kando ya bakuli, si kwenye kiganja changu. Akachukua kofia yake, akapanda ngazi. Mkate wake ukabaki pale na alama moja ya meno.

Nilikula chili bakuli mbili. Ilikuwa tamu. Sitadanganya.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Jolene aliniambia si yote yaliyopotea. Ugunduzi ni wa Arizona, hautageuka, lakini picha ya siku sita kabla wataalamu wanaitaka sana, maana inaonyesha nyota mwanga wake ukiwa bado unapanda. Tukituma picha ghafi na karatasi za zamu, jina langu litaandikwa.

"Chini ya la Arizona?"

"Chini kidogo."

Chini kidogo, lakini lipo. Nikamwambia azichukue kwa Duane, mimi siendi kwa mtu yule. Kesho yake jioni akanipigia simu. Picha amepewa zote, mia na themanini, zimepangwa kwa tarehe. Karatasi hajapewa.

"Amesema hazionekani," akasema Jolene.

"Hazionekani! Nyota ameifuta, sasa na karatasi amezila!"

"Unayo ile kaboni yako, si unayo?"

Ninayo. Nilicheka kwa sauti, kicheko kibaya. Walionicheka kwa sababu ya kaboni sasa wataona. Jumapili baada ya ibada nikapanda kilimani na pikapu, theluji ikilia chini ya matairi. Kufuli la banda nililifungua kwa ufunguo wa Duane, makusudi, wangu ukiwa mfukoni. Hiyo ndiyo roho niliyokwenda nayo.

Nakala hukaa kwenye kopo la biskuti, juu ya rafu. Nikavua glavu. Ya tarehe kumi na tatu: upepo kidogo, gia ya darubini inakwama. Ya tarehe kumi na nne, maandishi ya buluu yaliyofifia, mkono wangu mwenyewe, herufi zimelala upande kwa baridi:

*Upepo hakuna. Kumi na mbili chini ya sifuri. Kiroboto karudi, mkono wa chini, karibu na ncha. Duane, mfute kabla hujafanya lolote. Usinipigie simu kuniuliza.*

Sentensi ya mwisho nilikuwa nimeipigia mstari mara mbili.

Nilisimama na kile kikaratasi mpaka vidole vikafa ganzi. Nikakumbuka vizuri. Usiku ule niliitazama picha kwenye skrini ndogo iliyofunikwa plastiki nyekundu, miwani imejaa ukungu, nikaona nukta karibu na anapokaaga Kiroboto, nikatukana, nikaandika. Lakini Kiroboto hulala baridi. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Kwa baridi ile hakuweza kuwa Kiroboto, na mtoto yeyote wa klabu angeniambia, kama ningekuwa mtu wa kuambiwa. Nilikuwa nimeisubiri ile nyota miaka ishirini na miwili, ikaja, nikaiona kwa macho yangu, nikaamuru iuawe.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Na mimi sikutaka pole. Nilitaka mtu wa kumgombeza, na katika dunia nzima alikuwepo mmoja tu.

Duane alikuwa gerejini kwake anapiga randa ubao. Mlango ulikuwa wazi. Hakushtuka.

"Karatasi ya tarehe kumi na nne iko wapi?"

Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa, imekunjwa mara nne. "Hii hapa."

"Ulimwambia Jolene haionekani!"

"Ikiwa mfukoni haionekani."

"Usinifanyie mzaha, Duane. Kwa nini hukusema Ijumaa? Ulikuwa nayo mfukoni?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa kwa nini hukuitoa ukanipiga nayo usoni?"

"Mbele ya watu kumi na wanne?"

"Mimi si nilisema mbele ya watu kumi na wanne!"

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Nikapiga teke ndoo ya maranda, ikabingirika hadi nje. Akaitazama inavyokwenda.

"Ulipomfuta hukuona si yeye?" nikamuuliza. "Miaka yote unamuua Kiroboto, humjui?"

"Nilimwona mnene. Kiroboto ni kachembe, kana pembe nne. Huyu alikuwa duara. Nikasema, mbona baridi hivi na kaamka? Nikashika simu."

"Halafu?"

"Halafu nikasoma mstari wa mwisho."

"Ungepiga tu! Tangu lini wewe unanisikiliza?"

"Oktoba nilipiga. Unakumbuka ulichoniambia?"

Nilikumbuka. Siwezi kukiandika hapa. Klabu yetu inakutana kanisani. Nikatoa ufunguo wake, nikauweka juu ya ubao, mbele ya randa. "Chukua."

Akausogeza pembeni kwa kidole kimoja, akaendelea kupiga randa. "Baki nao."

"Usinionee huruma, Duane Schaffert. Nachukia kuonewa huruma."

"Si huruma." Akasimamisha randa. "Nimechoka, Arlys. Miaka kumi na mmoja nafanya kazi na mtu asiyetaka kuulizwa. Kutukanwa nimezoea. Ila ile nyota ilikuwa nzuri, na niliifuta huku najua haiko sawa, kwa kuogopa simu. Nimejidharau. Sitaki kujidharau tena."

Mori ulinipanda zaidi. Nikachukua ufunguo, nikabonyeza kitufe cha mlango nikitoka. Mlango wa gereji haubamiziki. Unashuka polepole kwa mota, na wewe umesimama kwenye theluji unausubiri, na mtu wa ndani unamwona kwanza kichwa kinapotea, kisha mikono, kisha viatu.

Kaboni nilimpelekea Jolene siku ile ile. Aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Ukituma hii, wataandika kwamba uliiona ukasema ni kasoro ya kamera. Itabaki hivyo daima."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Tunaweza kutuma picha peke yake. Tukaona."

"Tuma yote, Jolene, kabla sijaanza kukusikiliza."

Likaandikwa. Jina langu lipo, chini ya la Arizona, mtu yeyote anaweza kulitafuta: Arlys Vondra, Nebraska, picha ya siku sita kabla, mwangalizi alidhani ni hitilafu. Herufi zote ziko sawa.

Chakula cha Machi kilipofika nilisimama kabla ya sala na kuisoma karatasi kwa sauti, wa kule mwisho nao wasikie. Nilisoma mpaka kwenye simu, na nikawaambia imepigiwa mstari mara mbili. Watu waliangalia mabakuli yao. Nilikuwa na hasira nao kwa kuangalia mabakuli, na hasira na kiti cha Duane kwa kuwa kitupu, na hasira na sauti yangu kwa kukatika pale kwenye jina lake. Jolene alinipa mkate wa mdalasini. Sikuuma hata mara moja.

Mwezi ulipokwisha nikarudi kilimani. Nyota yangu ilikuwa imeanza kufifia, lakini bado ipo, na nililipiga Pangaboi picha sitini. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaitazama picha ya mwisho bila haraka. Mkono wa juu, karibu na kiini, kulikuwa na alama. Pengine vumbi. Pengine kivuli cha kitu. Penseli mkononi, nikasikia kabisa mkono unavyotaka kuandika *vumbi, futa*. Nikaandika hivi:

*Kuna doa mkono wa juu. Sijui ni nini. Duane, nipigie.*

Neno la mwisho nikalipigia mstari mara mbili. Kadi, karatasi na ufunguo nikavitia kwenye bahasha, na kabla ya kwenda nyumbani nikaitumbukiza kwenye sanduku lake la barua, bila stempu, kinyume cha sheria niliyoilinda kwa miaka thelathini na moja.

Siku ya kwanza hakupiga. Siku ya pili hakupiga. Siku ya tatu nilimtukana nikiwa jikoni, mbele ya paka, matusi ya Oktoba na mengine mapya. Siku ya nne, saa kumi alfajiri, simu ikalia kando ya sikio langu.

"Nani?"

"Doa gani?"

"Duane! Unajua ni saa ngapi?"

"Umeandika nikupigie."

"Sikuandika upige saa kumi za alfajiri, mzee mwendawazimu wewe!"

"Hukuandika saa." Nikasikia kiti chake kikilia, na kompyuta yake ikinguruma. "Niko nalo hapa. Lakini nina maswali, Arlys. Ni mengi."

Nilikaa kitandani. Nikapapasa miwani, nikaivaa, ingawa gizani hakukuwa na cha kutazama.

"Uliza," nikamwambia.